Msimu Niliojiona Teja

Jumapili iliyopita jirani yangu hapa Uyole aliletewa dumu la ulanzi kutoka kwao Iringa. Kijana wa basi alilishusha likiwa limevimba mbavu, kizibo kimefungwa na nailoni, na jirani alipokilegeza tu likapumua, fyuuu, harufu ikajaa ua mzima. Kama hujawahi kuinusa sijui nikueleze vipi. Kuna utamu ndani yake, kuna uchachu, na kuna kitu kibichi cha majani yaliyokatwa kwenye mvua. Jirani akanikaribisha kikombe. Nikamshukuru, nikamwambia mimi situmii. Akanicheka, Mhehe gani wewe usiyekunywa ulanzi? Nikamwambia nilikuwa nakunywa, ila nilizidisha, ikabidi niache. Akaniangalia vizuri kwa huruma, akaniuliza niliacha nikiwa na umri gani. Nikamwambia nikiwa darasa la tatu.

Ninyi wa rika langu mliosoma shule za msingi za vijijini, mliokaa watatu watatu dawati moja mkisukumana kwa viwiko, mtanielewa nikisema kwamba tulikuwa tunaamini kila kilichoandikwa ubaoni. Mwalimu akiandika, basi ni kweli, hata kama kinakuhusu wewe mwenyewe na wewe unajua sivyo. Na mimi nilikuwa mbaya zaidi kwa sababu nilikuwa mtoto mjuaji. Watoto wajuaji wanateseka sana, msiwaonee wivu.

Kijiji chetu kiko mbele kidogo ya Kalenga. Nilikuwa naishi na babu, mzaa baba. Baba alikuwa amekwenda Makongolosi kuchimba dhahabu, na mama alimfuata huko akawa anawapikia wachimbaji. Bibi alishafariki kabla sijapata akili ya kumkumbuka. Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa babu na mimi, na mimi nilijiona ndiye mwenye nyumba. Nilikuwa namkumbusha kufunga mlango, namkumbusha kibanio cha suruali, namkumbusha sala. Alikuwa ananiita Mama Mkuu.

Babu alikuwa mgema. Kwa msiojua, ulanzi haupikwi wala haukorogwi na mtu. Ni maji ya mwanzi. Mvua zikianza, mianzi inatoa machipukizi, mgema anakata ncha, halafu kila asubuhi na kila jioni anaparura kidonda kile kwa kisu chenye makali, upande mwembamba tu, na chini yake anafunga mbeta, yaani kopo la mwanzi mkavu, maji yadondokee humo. Ukiruka siku mbili kidonda kinafunga na chipukizi hilo basi tena. Ndiyo maana mgema hana sikukuu. Krismasi babu alikuwa anakwenda kwenye mianzi kwanza, kanisani baadaye, na mchungaji alishachoka kumsema.

Asubuhi tulikuwa tunakwenda wote. Nikivuta picha ile hata sasa natabasamu peke yangu. Ukungu umelala bondeni, majani yanakulowesha mpaka magotini, sweta la shule limefungwa kiunoni lisichafuke. Babu anatangulia, anakohoa kidogo kuwajulisha nyoka kwamba tunapita. Anafungua mbeta ya kwanza, anapuliza nyuki waliozama juu, ananipa. Maji yale ya asubuhi yalikuwa matamu, baridi mpaka meno yanauma, meupe kama yameoshewa mchele. Kwetu yanaitwa mtogwa. Yakikaa yanachacha, yanakuwa makali, hapo yanaitwa mkangafu na ni ya watu wazima. Lakini mtogwa wanakunywa watoto wote. Mama anamnywesha mtoto aliyekataa uji, na hakuna aliyeona neno.

Yote hayo yalikwenda vizuri mpaka alipokuja Mwalimu Bahati.

Mwalimu Bahati alikuwa binti mdogo kutoka Tukuyu, ndiyo kwanza ameajiriwa. Alikuwa anaimba akiandika ubaoni, na alitufundisha kusalimia kwa Kinyakyusa, yeye anasema “ugonile” na sisi kwa ubishi tunamjibu kwa Kihehe chetu, “kamwene.” Tulimpenda mno. Siku moja alirudi kutoka semina mjini akiwa na michoro mikubwa imekunjwa, akatangaza kwamba kila Jumatano baada ya mapumziko tutakuwa na somo la kujikinga na dawa za kulevya. Alibandika michoro ukutani kwa ugali uliobaki. Kulikuwa na picha ya sindano, ya majani ya bangi, ya chupa ya gundi, ya pakiti za pombe kali, na ya kijana amekaa chini ya daraja hana viatu. Sisi hatukuwa na daraja kijijini, tukajiona tumepona.

Msidhani lilikuwa somo la kutisha. Lilikuwa somo tamu kuliko yote. Tulikuwa tunaigiza. Mmoja anakuwa mshawishi, anavaa kofia upande, anakuja na kipande cha chaki anakuambia jaribu kidogo tu. Wewe unatakiwa unyooshe mgongo, umwangalie usoni, useme, “Hapana, asante, mimi nina ndoto zangu.” Nilikuwa bingwa wa kukataa. Nilikuwa nakataa mpaka mshawishi analia. Mwalimu akanichagua niongoze ngonjera siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi wote, na nikarudi nyumbani siku hiyo nikiwa sigusi chini.

Jumatano iliyofuata akaandika ubaoni dalili za mtoto aliyeanza kutumia. Nilikuwa naandika kwa mwandiko wangu wa mlazo, nafurahi, mpaka nilipofika ya tatu mkono ukaanza kuwa mzito. Kusinzia darasani: nilikuwa nasinzia kipindi cha pili kila siku, kwa sababu ya kuamka na babu. Kubadilisha marafiki: mwezi ule nilikuwa nimehama dawati nikakaa na Yusta. Kuongeza kipimo, asitosheke na kile cha mwanzo: nilianza na nusu mbeta, sasa nilikuwa namaliza nzima na kuramba mdomo. Kukasirika asipopata: siku mbeta ya kwanza ilipoanguka nilimnunia babu mpaka jioni.

Na ya mwisho ilikuwa kujificha.

Hapo sasa. Mimi nilikuwa na mbeta ya pili ambayo babu hakuijua. Kila asubuhi, yeye akiwa amenipa mgongo, niliijaza kutoka kwenye dumu lake, nikaichomeka chini ya majani makavu kwenye shina la mianzi la mwisho, niipitie mchana nikitoka shule. Ya mchana ilikuwa na ukali fulani wa kutekenya ulimi. Nikishainywa nilikuwa nacheka njiani peke yangu, naimba, halafu nikifika nyumbani nalala fofofo mpaka babu anaponiamsha kula. Kwa nini nilikuwa nalala hivyo, sikuwahi kujiuliza. Nilijua ni jua.

Nikaangalia ubao, nikaangalia daftari langu. Dalili zote tano zilikuwa zangu. Nikainua macho kwa yule kijana wa chini ya daraja, naye alikuwa ananiangalia. Mwalimu Bahati akamalizia kwa sauti yake nzuri kwamba mtoto akijiona hivyo amwambie mtu mzima anayemwamini, na kwamba mtu mzima anayempa mtoto kilevi ni mhalifu, anafungwa jela. Basi mtu mzima niliyemwamini ndiye huyo huyo wa kufungwa. Nikimtaja babu, nabaki na nani? Nilifunga daftari nikalikalia.

Nikaamua kuacha mwenyewe, kimyakimya, babu asijue. Asubuhi alipofungua mbeta ya kwanza akanipa, nilinyoosha mgongo, nikamwangalia usoni, nikamwambia hapana, asante. Nilimeza ile sehemu ya ndoto zangu. Akafikiri naumwa tumbo. Siku ya pili nikasema jino. Ya tatu nikasema nimefunga, akauliza Mlutheri gani anafunga mwezi huu. Siku ya nne hakunipa tena. Alifungua, akapuliza nyuki, akamimina yote kwenye dumu, akasonga mbele. Jioni akaniuliza, huku anachochea moto asiniangalie, kama kuna mtu wa kanisani ameniambia kazi yake ni dhambi. Nikasema hapana. Akasema sawa. Niliona amezeeka ghafla, na mimi ndiye niliyemzeesha.

Mwalimu alikuwa ametufundisha pia habari za arosto, yale mateso anayopata mtu akiacha. Kwa hiyo nikawa naisubiri. Nilimwambia Yusta peke yake, nikamwapisha, nikamwomba akiona naanza kutetemeka anikalie. Yusta alikuwa mtoto mwaminifu na mnene wa mashavu, akakubali bila maswali. Siku ya tano tulinyeshewa tukitoka shule, nikaanza kutetemeka na kupiga chafya, na Yusta akanikalia pale pale barabarani kwenye matope. Aliniambia nivumilie, inakuja inapita. Akapita mama mmoja na mzigo wa kuni akatuuliza tunapigania nini. Yusta akamjibu kwa heshima kwamba mwenzake anaacha unga. Mama yule alikwenda mbio na kuni zake.

Ile mbeta ya mchana nayo niliiacha kule kule chini ya majani, imejaa. Niliogopa hata kuimwaga.

Wiki iliyofuata zikaja kadi za ahadi. Kila mtoto alipewa yake aipeleke kwa mlezi asaini. Ilikuwa imeandikwa kwamba katika nyumba hii hakuna mtoto anayepewa kilevi cha aina yoyote. Asiye na kadi hapandi jukwaani siku ya ngonjera. Niliibeba kadi ile njia nzima naona moto unaniwaka mkononi, nikafikiria kuitupa mtoni. Lakini wenzangu wote wangeleta zao, na mimi ndiye kiongozi. Nikampa.

Babu alivaa miwani yake yenye kamba. Alikuwa msomaji mzuri, alisomea Tosamaganga enzi hizo, na alikuwa hasaini kitu mpaka akisome mara mbili. Akasoma. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa koti. Nikamwona anaiweka kadi gotini.

“Babu, usisaini,” nikasema. “Ukisaini uongo watakufunga.”

Akaniuliza uongo gani. Basi nikabubujika. Nikamwambia mimi ni teja, nina dalili zote tano, nimeongeza kipimo, arosto imenipata njiani Yusta akanikalia, na yeye ndiye aliyenipa, kwa hiyo akimbie, aende Makongolosi kwa baba ajifiche kwenye mashimo, mimi nitasema sijui alipo. Nililia mpaka kamasi ikaingia mdomoni.

Babu akacheka. Jamani, babu alicheka. Alivua miwani, akajishika ubavu, akakaa chini kabisa kwenye sakafu, machozi yanamtoka. Hapo ndipo alipojua kwa nini nilikuwa nakataa mbeta yake, na alicheka kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa kitu. Akanivuta akanifuta uso na shati lake. Akanieleza kwamba mtogwa si kilevi, ni maji ya mti tu, Mungu ameyatia sukari. Kinacholevya ni kukaa. Yakikaa yanageuka.

Nikahisi mzigo umeshuka. Na kwa sababu mjuaji hajui kunyamaza, nikataka kuhakikisha.

“Hata ile ya mchana?”

“Ya mchana ipi?”

Nilimpeleka. Nikafukua majani, nikamtolea mbeta yangu. Ilikuwa imekaa pale siku zote zile, povu limepanda mpaka ukingoni. Babu akainusa akarudisha kichwa nyuma. Akaniuliza nilikuwa nainywa saa ngapi, na tangu lini, na inanifanyaje. Nikamweleza habari za kucheka njiani na usingizi wa jua. Sasa hakucheka. Alisimama na mbeta yangu mkononi muda mrefu, mvua ikaanza, hakuijali. Nilipomuuliza kama atasaini, alisema leo hawezi.

Kesho yake alivaa koti lake la kanisani, akabeba mbeta mbili, akanifuata shule. Mwalimu Bahati alikuwa anatufundisha kuzidisha. Alipomwona mzee amesimama mlangoni na ulanzi, alimwamkia shikamoo huku macho yanatazama upande wa ofisi ya mwalimu mkuu. Babu akamwitikia marahaba, akaomba dakika chache za kipindi. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sisi wa dawati la mbele tuliisikia, kwamba michoro yake ni mizuri lakini hakuna hata mmoja wenye mwanzi. Mwalimu akasema kwao hakuna ulanzi, hakujua. Babu akasema ndiyo maana amekuja.

Akaweka mbeta zote mbili mezani. Hakuna anayeonja, akasema, leo tunasikiliza tu. Ile ya kushoto ni ya mchana, ya mjukuu wake. Hapo darasa lote likanigeukia, nikatamani ardhi inimeze. Ya kulia aliitoa kwenye mwanzi asubuhi ile ile. Tukapanga mstari. Kila mtoto anainama, anaweka sikio kwenye ya kushoto, halafu ya kulia. Ya kushoto ilikuwa na kelele, tss, tss, tss, mapovu yanapasuka. Watoto walikuwa wanaruka nyuma wanacheka, wengine wanarudia mstari kwa hila. Babu akawaambia, hiyo inayoongea ndiyo kilevi. Iliyonyamaza ni maji ya mti. Alifurahi jinsi walivyoelewa haraka, na mwalimu naye alikuwa amekunja mikono anatabasamu. Mtoto mmoja wa nyuma akataja ile methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na babu akasema hiyo waliitunga watu wa pwani, wasiojua kazi.

Akafika Yusta. Akasikiliza ya kushoto, akaruka. Akasikiliza ya kulia, akabaki ameinama. Akaziba sikio la pili kwa kidole.

“Mwalimu,” akasema, “na hii inaongea. Kidogo.”

Babu akacheka, akasema haiwezekani, hiyo ni ya leo. Akaichukua akaiweka sikioni mwake mwenyewe. Lakini masikio yake yalikuwa ya mzee. Akageuza sikio la pili. Akaniangalia mimi.

“Njoo wewe. Sikiliza, useme unachosikia.”

Nilikwenda. Kwenye bati ilisikika mvua nyepesi. Nilijua babu anataka nisikie nini. Nikisema imenyamaza, anasaini, hafungwi, mimi naongoza ngonjera, na kesho asubuhi napata mbeta yangu ya kwanza kama zamani, na Mungu anajua nilikuwa naitaka. Nikaweka sikio. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Halafu nikaisikia, ndogo sana, mbali sana, povu moja, halafu jingine.

“Inaongea, babu,” nikasema. “Kidogo, lakini inaongea.”

Mwalimu Bahati akamuuliza kwa adabu aliifunga mbeta ile saa ngapi. Babu akasema jana jioni. Kwa hiyo imelala humo usiku kucha, mzee, mwalimu akasema. Babu akasema, imelala. Akaishika kwa mikono miwili akaiangalia.

“Nimegema tangu kijana,” akasema. “Sijawahi kuiweka sikioni. Nilikuwa naiweka mdomoni tu.” Kisha akamgeukia mwalimu. “Huyu mtoto nimempa mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilikuwa sijui. Kosa ni langu.”

Mimi sikuwahi kusikia mtu mzima akisema kosa ni lake mbele ya watoto. Nilichosikia ni kwamba babu amekiri, na sasa pingu zinakuja. Nikamkumbatia kiuno, nikapiga kelele kwamba asifungwe, nifungwe mimi, dalili zote tano ni zangu. Mwalimu Bahati akapiga magoti kwenye vumbi la chaki ili tuwe sawa. Akaniambia mzee aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake kufundisha darasa hafungwi na mtu. Akasema mimi si teja, ni mtoto aliyekuwa ananyweshwa kitu ambacho hakuna aliyekipima, na sasa kimepimwa. Halafu akamwomba babu msamaha, kwamba amefundisha wiki zote zile habari za sindano ambazo hatujawahi kuziona, na hajauliza hata siku moja watoto wa hapa wanakunywa nini asubuhi.

Babu aliponyanyua kichwa alikuwa amerudi kuwa babu. Akaliangalia darasa lote, dawati kwa dawati.

“Na nani mwingine ana mbeta yake kichakani?”

Watu wakaangalia madaftari. Halafu mkono mmoja ukapanda, wa kiranja wetu, mtoto wa mzee wa kanisa. Ukafuata wa pili. Ukafuata wa yule wa methali. Mikono ikapanda mpaka nyuma, ikawa msitu, na Mwalimu Bahati akatafuta kiti akakaa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siku ile kata zote zilikuwa zimenyoosha mikono. Kipindi cha kuzidisha kiliishia hapo. Tulitoka mstari mmoja, babu mbele, mwalimu nyuma na viatu mkononi, tukapita mianzi ya kijiji kizima tukifukua. Kila mbeta iliyopatikana tuliiweka sikioni kwanza, tunasema inaongea, tunamwaga, tunashangilia. Nyuki wakaja kutafuta mali yao, wakatufukuza mpaka uwanja wa mpira, na Mwalimu Bahati ndiye aliyekimbia kuliko wote. Sijacheka vile tena mpaka leo.

Babu aliisaini kadi pale mezani darasani, jioni, watoto wengine walipokwisha kuondoka. Aliisoma mara mbili kama kawaida yake. Siku ya kufunga shule niliongoza ngonjera kwa sauti ya kuamsha Kalenga yote, nikasahau ubeti mmoja, na babu akapiga makofi sehemu isiyotakiwa. Sisemi kwamba yote yalibadilika kijijini, maana hayakubadilika yote. Watu wazima waliendelea kunywa, na babu aliendelea kuwagemea mpaka nguvu zilipomwisha. Ila watoto wa darasa letu walikuwa wakipewa mtogwa wanaomba kwanza kuusikiliza, na wazazi wengi walichukizwa sana na tabia hiyo.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani siku ile ya kadi, nilimuuliza kama kweli hawamfungi. Akasema hawamfungi, lakini amesaini, kwa hiyo asubuhi hakuna mbeta. Nikasema sawa. Akasema naweza sasa kulala mpaka jua litoke, kama watoto wa watu, nisisinzie tena darasani. Nikasema sawa.

Alfajiri nikasikia anakohoa, anatafuta kisu chake. Nikatupa shuka. Nilipofika mlangoni nimefunga sweta kiunoni, alinishangaa.

“Unakwenda wapi? Kule hakuna kitu chako.”

“Nakuja tu,” nikasema.

Alisimama kidogo, nje ukungu umejaa, halafu akasogea pembeni ya mlango nipite.

“Haya, tangulia,” akasema. “Na ukohoe, wakusikie.”